Mlango wa Vidole Viwili

Barua ililetwa na mlinzi wa kiwanda mwenyewe, saa nne asubuhi ya Jumatano, na mlinzi akakataa kukaa. Hilo pekee lilimtosha mwenye akili. Mtu ambaye kila Jumapili huja kushonewa viatu kwenye baraza hiyohiyo, akaomba maji mara mbili na kutaniana na Bibi mpaka jua linazama, leo alisimama mlangoni kama mgeni wa serikali, anaangalia kucha zake.

"Sahihi hapa, shemeji," akasema. "Kwamba umepokea."

Kasi aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Kasi ni jina la kiwandani. Alipewa na wenzake kwa sababu kwenye mashine ya kukata maboksi hakukuwa na wa kumfikia. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa tangu mashine hiyo impitie mgongo wa mkono wa kulia, na sahihi yake ya kushoto ilitoka kama nyayo za kuku. Mlinzi hakuitazama sahihi. Aliutazama mkono wa kulia uliolala juu ya meza, akautazama kupita kiasi cha adabu.

"Unatafuta nini hapo?"

"Sitafuti kitu, shemeji."

"Basi kama hutafuti, barua imefika. Wasalimie nyumbani."

Aliisoma kwa sauti, maana Bibi, mama mkwe wake, haamini barua inayosomwa kimoyomoyo. Kiwanda kilisema hivi: imethibitika kwa njia ya video kwamba mkono wako umepona kabisa. Daktari wa kiwanda naye alikwisha kuupima akaona nguvu zipo. Kwa hiyo uripoti kwenye mashine namba nne Jumatatu saa moja kamili, au uandike barua ya kuacha kazi kabla hujachukuliwa hatua kwa kosa la udanganyifu. Ukiwa na maelezo, fika ofisini Ijumaa saa tatu. Unaruhusiwa kuja na ndugu mmoja.

"Udanganyifu?" Bibi akauliza. "Wanamwita nani mwongo? Hebu rudia hapo."

Kasi hakurudia. "Video gani?" akajiuliza kwa sauti.

Nje barazani, nyundo ya fundi viatu ilinyamaza.

Fundi viatu ndiye mume wa Kasi na mtoto pekee wa Bibi. Aliingia na kiatu cha mteja mkononi, soli inaning'inia, na kwa jinsi alivyokishika mtu angedhani kiatu hicho ndicho kimeshtakiwa.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Video. Ile ya sherehe ya mtoto wa jirani, ulipowafanyia watoto mazingaombwe. Nilipiga kwa simu, nikaiweka kwenye kundi la mtaa. Sikujua kama watu wa kiwandani nao wamo mle."

"Weka hapa niione."

Wakaiangalia watatu, vichwa pamoja. Dakika kumi na moja. Kasi amekaa kwenye kiti cha plastiki, watoto wamemzunguka, kizibo cha soda kinameta mkononi mwake. Kizibo kinatoka mkono wa kushoto kinaingia wa kulia. Anaupuliza mkono wa kulia. "Fungua mlango!" watoto wanapiga kelele, vidole vinafunguka, mkono mtupu, kizibo kinatokea nyuma ya sikio la mtoto. Chini ya video Fundi alikuwa ameandika: *Waliosema mke wangu ni mlemavu waje waone. Vidole vinacheza hivyo. Mkono umepona, wenye wivu mjinyonge.*

"Wenye wivu mjinyonge," Bibi alirudia taratibu. "Mwanangu, nilikunyonyesha miaka miwili. Ningejua, ningekunyima."

"Mama, nilikuwa nimechoka!" Fundi alipaza sauti. "Kila anayeleta kiatu ananiuliza, pole, shemeji bado mlemavu? Pole, sasa nani anakupikia? Nikaona vidole vinafunguka kwa macho yangu. Nikafurahi. Kufurahi ni kosa?"

Kasi akamtazama. Akaunyoosha mkono wa kulia mbele yake, kiganja juu. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimejikunja nusu, kama vilivyojikunja tangu siku nyuzi zilipotolewa. Kufunga vinafunga. Kufungua ndiko kulikobaki kwenye mashine.

"Vifungue," akasema.

"Nini?"

"Fungua vidole vyangu."

Fundi akavifungua kimoja kimoja, kwa woga. Vikafunguka bila ubishi. Akaviachia, navyo vikarudi vikajikunja palepale.

"Watoto ndio wanaonifungulia," Kasi akasema. "Kila mara. Ndiyo maana nikaweka ule mchezo wa mlango. Siwezi mwenyewe. Hakuna siku nimeweza."

"Lakini nikikuuliza ulikuwa unasema unaendelea."

"Ulikuwa unauliza ukiwa umeshalitamani jibu."

Fundi alikaa chini, kiatu cha watu kikiwa bado mkononi. Miezi tisa nyumba moja, kitanda kimoja, sahani zinaoshwa mbele yake kwa mkono wa kushoto, na hakuona. Tusimcheke sana. Mtu huona anachotaka kukiona, na kama si hivyo mazingaombwe yasingekuwepo duniani.

Bibi naye alikuwa anakunja vidole vyake mwenyewe kimoja kimoja. Alikuwa anahesabu ni mara ngapi ameufungua mlango ule yeye mwenyewe, akiapa kwamba safari hii atakikamata kizibo.

*

Mazingaombwe haya yaliletwa nyumbani na Chiriku, binti yao wa miaka tisa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hanyamazi hata akiwa na chakula mdomoni. Mama yake alipotoka hospitali na kukaa dirishani bila kusema na mtu, Chiriku aliokota kitabu kisicho na jalada kwenye rundo la magazeti ya kufungia viatu. Kilikuwa cha mazingaombwe mepesi kwa wanaoanza, yote kwa vitu vya nyumbani: uzi, yai, chumvi, leso, glasi, kijiti cha kiberiti, kizibo. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika.

Wakaanza kwa yai kusimama wima juu ya chumvi. Wakavunja mayai manne, na Bibi akasema kama kuna laana basi ni hii ya kuchezea chakula. Wakaenda kwenye kijiti cha kiberiti kinachovunjwa ndani ya leso kikatoka kizima. Wakaja kwenye pete inayoupanda uzi yenyewe. Kasi alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajali siku ile pete ilipopanda, na Chiriku akakimbia nje kuwaambia watu kwamba mama amecheka.

Kwenye kizibo ndipo walipokwama. Kitabu kilisema: *sasa fungua mkono wako polepole, uonyeshe kuwa ni mtupu.* Kasi aliusoma mstari huo mara tatu, akakitupa kitabu ukutani.

Chiriku alikwenda akakiokota. "Basi si lazima ufungue wewe," akasema. "Mimi nifungue. Tuseme ni mlango."

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa ule mlango. Na ukawa mzuri kuliko kitabu, kwa sababu mkono ambao daima umejikunja nusu unaonekana daima umeshika kitu. Mtazamaji hana mashaka nao. Anaukazia macho, anausubiri, anaufungua mwenyewe kwa vidole vyake, na muda wote huo mkono wa kushoto unafanya mambo yake bila kuulizwa. Mama na binti walipeana ahadi siku hiyo, kidole kwa kidole, kwamba siri ni ya wawili. Si Bibi, si Baba, si mtu.

Kwa hiyo Alhamisi, Chiriku aliporudi kutoka shuleni, Kasi alimkalisha jikoni akamwambia yote: barua, mashine, Ijumaa, na kwamba jana mlango ulimtoka mdomoni mbele ya Baba na Bibi.

"Wanasema mimi mwongo. Ili waniamini itabidi niwaeleze siri."

Chiriku alikuwa anavua soksi. Akaacha moja mguuni. "Zote?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza. Ahadi ni yetu wote wawili, siwezi kuendelea kuivunja peke yangu."

Mtoto akafikiri, na alipofikiri nyumba nzima ilitulia. Midomo ilimcheza. "Wakishajua haitakuwa nzuri tena," akasema.

"Najua."

"Usipowaambia?"

"Jumatatu narudi kwenye mashine. Na ile mashine nikiishika karatasi yake, siwezi kuiachia."

Chiriku akautazama mkono wa mama yake. Akaufungua, akauachia ujifunge, akaufungua tena. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Waambie mlango tu," akasema. "Mlango ni wangu, mimi ndiye niliyeubuni, nakuruhusu. Lakini usiwaambie kizibo kinakwenda wapi. Na pete usiwaambie. Na yai usiwaambie. Hizo zetu."

"Mlango tu."

"Apa."

Kasi akaapa.

Jioni Fundi alisema ndiye atakayemsindikiza, maana yeye ndiye aliyeharibu. Alikuwa amekwisha piga pasi shati. Kasi akakataa.

"Wewe utaomba msamaha," akasema. "Ukikaa pale utaomba msamaha mpaka wakuonee huruma, na mimi sitaki huruma yao. Nakwenda na Mama."

Bibi alikuwa amekwisha tafuta viatu vyake.

*

Waliambiwa saa tatu. Saa tatu iliwakuta kwenye benchi la mbao nje ya ofisi, kati ya mlango wa choo cha wanaume na ndoo ya mopu. Saa nne ikawakuta hapohapo. Wafanyakazi walipita wakienda chooni, wengine waliokula chakula kimoja na Kasi miaka sita, wakajifanya wanasoma matangazo ukutani. Mmoja, kijana wa kupakia, alisimama akacheka.

"Kasi! Tufanyie mazingaombwe mshahara uongezeke!"

"Huo wako hata mazingaombwe hayawezi kuuona, ni mdogo mno," Kasi akajibu.

Kijana akaondoka na kicheko chake nusu. Bibi akampiga Kasi paja kwa furaha.

"Wakichelewa zaidi," Bibi akasema, "nitaingia chooni niimbe."

Wakaitwa saa nne na nusu. Ndani kulikuwa na watu watatu nyuma ya meza, na mbele ya meza kiti kimoja. Afisa utumishi alikuwa mwanamke wa rika la Kasi, miwani juu ya nywele, faili mbele yake. Kushoto kwake alikaa daktari wa kiwanda, na kulia msimamizi wa mashine. Msimamizi huyo ndiye aliyeondoa kinga ya kisu cha mashine namba nne mwaka jana, kwa kuwa kinga ilichelewesha maboksi, na tangu ajali hakupata usingizi mzuri mpaka alipoiona ile video.

Kiti kimoja, watu wawili. Kasi alimkalisha Bibi, yeye akasimama.

"Tuanze," afisa akasema. "Tuna kikao kingine. Dada, daktari alikupima mwezi wa saba baada ya ajali. Daktari?"

"Nilimpa kidole changu akiminye," daktari akasema, akisoma karatasi. "Akaminya. Nguvu ya mkono ni nzuri. Nikaandika anaweza kazi."

"Ilichukua dakika tatu," Kasi akasema.

"Dakika tatu za kitaalamu," daktari akajibu.

Video ikachezwa kwenye kompyuta. Vicheko vya watoto vikajaa ofisini, na ilikuwa aibu kubwa kwa Kasi kuvisikia mle, kama mtu aliyeingiliwa chumbani. Msimamizi alikuwa akionyesha kwa kalamu. "Hapo. Vimefunguka. Hapo tena. Huyu mtu amekaa nyumbani miezi tisa anacheza, sisi namba nne tunabadilisha watu kila wiki. Wote wanyonge, hakuna anayeweza. Mwenye kazi yake anavuta vizibo masikioni!"

"Na hapa mumeo ameandika," afisa akaongeza, "mkono umepona. Si sisi tuliosema. Ni mumeo."

"Mume wangu ni fundi viatu. Mkiumwa meno mnakwenda kwa fundi viatu?"

Bibi alicheka kwa sauti. Afisa akashusha miwani machoni.

"Dada, jibu swali. Mkono wako unafunguka au haufunguki?"

Kasi akanyoosha mkono wa kulia, vidole viwili vimejikunja. Msimamizi akapiga ulimi.

"Hata mimi naweza kukunja vidole nikasema vimekufa. Tumeviona kwenye video, bwana!"

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe. Kila alichokionyesha, wangesema anajifanya. Kasi aliingiza mkono wa kushoto kwenye mkoba wa Bibi, akatoka na kizibo cha soda, kile cha kwenye video, kilichobonyea upande mmoja.

"Nitawafanyia hapahapa," akasema. "Mkaribie. Si mmeyapenda? Mmeyaangalia mara ngapi?"

Daktari alisogeza kiti. Kizibo kikatoka kushoto kikaingia kulia. Kasi akaupuliza mkono wa kulia. Akausogeza mkono huo mpaka mbele ya kifua cha msimamizi.

"Fungua mlango."

"Sina mchezo na wewe."

"Fungua, bwana. Watoto wa miaka minne wamefungua."

Afisa akamtazama msimamizi. Msimamizi, mtu mzima, akanyoosha vidole vyake vinene akafungua kimoja, akafungua cha pili. Mkono ulikuwa mtupu. Alishindwa kujizuia: akatazama chini ya meza.

"Nani amefungua?" Kasi akauliza.

"Nini?"

"Vidole vyangu. Nani amevifungua?"

Msimamizi akavitazama vidole vyake mwenyewe.

"Rudisheni video mwanzo," Kasi akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda sasa, ikawa ile aliyokuwa akiitumia juu ya kelele za mashine. "Rudisheni, msiangalie kizibo. Kila mtu anaangalia kizibo. Angalieni ni nani anayefungua. Kuna mtoto wa shati jekundu. Kuna wenye nyumba. Kuna huyu Mama hapa, mara mbili. Kuna mahali hakuna mtu karibu, nimebonyeza mkono kwenye ukingo wa meza ndipo vikafunguka. Dakika kumi na moja. Mkiona mahali pamoja tu ambapo nimevifungua mwenyewe, hiyo barua ya kuacha kazi naiandika sasa hivi, na kalamu nawaletea mimi."

Afisa akairudisha. Safari hii hakuna aliyeonyesha kwa kalamu. Mtoto wa shati jekundu akafungua. Msichana mwenye utepe akafungua. Bibi wa kwenye video akafungua, akaapa, akashangaa. Ukingo wa meza. Mtoto mwingine. Video ikafika mwisho, afisa akarudisha dakika ya sita, akaangalia tena peke yake.

"Alikuwa anajifanya," msimamizi akasema, lakini alisema akiangalia meza.

"Kwa nani?" Kasi akamgeukia. "Sikujua kama napigwa picha. Aliyepiga ni mume wangu, na mume wangu mwenyewe alidhani nimepona, ndiyo maana akaandika ule upuuzi. Kama nyumbani nilikuwa nadanganya kwamba mkono ni mzima, nitawezaje siku hiyohiyo kuwadanganya nyinyi kwamba ni mbovu? Chagueni uongo mmoja mnipe. Miwili ni mingi."

"Ni kweli," Bibi akaingilia. "Hata mimi amenidanganya. Nimekaa naye meza moja, nimemfungulia vidole zaidi ya mara mia, nikadhani nacheza. Kumbe nilikuwa namuuguza." Akawageukia wote watatu. "Na mimi si mtu wa kudanganyika ovyo. Ulizeni."

Daktari alikuwa amesimama. Alizunguka meza, akauchukua mkono wa Kasi, akaugeuza akaangalia kovu lililokatiza mgongo wake. Akafungua vidole viwili, akaviachia. Vikajikunja. Akarudia. Mara ya tatu aliviachia ghafla, akiwa anamtazama usoni, na vikajikunja vilevile.

"Nilipima kufunga," akasema polepole. "Sikupima kufungua."

"Hukuniuliza. Ulisema minya, nikaminya."

"Lakini ni vidole viwili tu," msimamizi akasema. "Karatasi si inashikwa kwa…"

"Kushika si kazi!" Kasi aliigonga meza kwa mkono wa kushoto mpaka kalamu ya afisa ikaruka. "Wewe unaijua ile mashine, usijifanye mgeni. Inafunga kila baada ya sekunde tatu. Unaweka karatasi, unaachia, unatoa mkono. Kuachia ndiyo kazi yenyewe. Mimi nikishika nimeshika, mpaka aje mtu anifungulie. Sasa niambie, Jumatatu saa moja kamili, namba nne, bila kinga, nani atakaa pale kunifungulia? Wewe? Utaniletea mtoto wa shati jekundu?"

Msimamizi akaanza kukusanya karatasi zilizokuwa mbele yake. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, afisa alimtazama yeye badala ya Kasi. "Bila kinga?" akauliza.

"Ilikuwa inachelewesha…"

"Nimekuuliza, bila kinga?"

Jibu la swali hilo lilichukua muda, na si la hadithi hii. Lililomhusu Kasi ni kwamba afisa alivuta karatasi mpya, akaandika kwa mkono wake, daktari akiwa anamsomea maneno ya kitaalamu: vidole viwili vya mkono wa kulia havifunguki, chanzo ni ajali ya kazini, mfanyakazi asirudishwe kwenye mashine yoyote ya kukata. Ataripoti Jumatatu chumba cha ukaguzi, kwa mshahara uleule.

"Tutakutumia nakala," afisa akasema.

"Nasubiri hapahapa."

"Dada, mashine ya nakala iko ghorofa ya juu."

"Nimesubiri karibu na choo saa moja na nusu. Juu si mbali."

Nakala ikaletwa. Mihuri ikapigwa. Afisa akasogeza faili na kalamu, Kasi akainama juu yake, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, taratibu, ulimi umetoka kidogo kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Afisa akailinganisha na karatasi ya zamani.

"Hii haifanani na iliyomo kwenye faili."

"Haiwezi kufanana. Ile ni ya mkono niliowaachia hapa. Andika na hilo."

Afisa akakaa na kalamu hewani. Halafu akaandika.

Walipokuwa mlangoni, daktari akakohoa. "Samahani, dada. Kizibo. Kiko wapi?"

Wote walitazama mikono yake. Wa kulia ulikuwa umejikunja, wa kushoto ulikuwa umeshika nakala. Msimamizi mwenyewe alikuwa anapapasa mifuko ya koti lake.

"Hilo halimo kwenye barua yenu," Kasi akasema.

*

Njiani, kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi, Bibi alisimama.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungenionea huruma, Mama. Ungenifungulia kwa huruma. Ulivyokuwa unanifungulia kwa ubishi ilikuwa bora."

Bibi akalipima neno hilo, akaona lina ukweli, na hakupenda. "Basi na leo usinitegemee," akasema. "Leo nitakikamata."

Fundi aliwaona toka mbali, akasimama barazani na nyundo. Alikuwa ameifuta video tangu Jumatano, na tangu Jumatano hakuna aliyemtumia kitu kwenye lile kundi ila pole. Kasi akampa nakala. Akaisoma yote, mpaka mhuri, akaanza kusema samahani.

"Nyamaza," Kasi akasema, bila ukali. "Nishikie huu, nivue viatu." Akampa mkono wa kulia, naye akaushika.

Chiriku alikuwa nyuma ya mlango, anaruka mguu mmoja. "Umewaambia ngapi?"

"Mlango tu."

"Na pete?"

"Hawajui hata kama ipo."

"Na kizibo kinakwenda wapi?"

"Waliuliza. Wakatafuta mpaka mifukoni mwao."

Chiriku akafungua mkono wa kushoto wa mama yake, ambao haukuhitaji kufunguliwa. Akatazama mkoba wa Bibi. Akatazama nyuma ya masikio yake mwenyewe, moja kisha jingine. "Mama, kizibo chetu kiko wapi kweli?"

Kasi akainama amnong'oneze, lakini kwa sauti ambayo Bibi na Fundi wangeisikia, maana sasa nyumba nzima ilikuwa ndani ya siri.

"Kimo ndani ya faili langu," akasema. "Nilikiacha nilipotia sahihi. Siku yoyote watakayolifungua wanirudishe kwenye ile mashine, kitawaangukia mezani."